Droo ya Kuoshea Vyombo Ingefanyaje Kazi Kiseke?

Wanachuo tunaopanga nje huwa tunagombania mambo machache sana: LUKU, gesi imeisha mikononi mwa nani, na vyombo. Vyombo ndivyo vinavyoongoza. Nyumba ya watu wanne pale Nyasaka au Kiseke inaweza kuwa na ratiba ya zamu ukutani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na bado Jumapili jioni utakuta sufuria ya ugali imelowekwa tangu Ijumaa, maji yameshabadilika rangi, na kila mtu anaapa si yake. Kwenye ubishi wa namna hiyo hakosekani mmoja aliyeona video mtandaoni: "Wenzetu wana droo. Unavuta, unapanga vyombo, unasukuma, unaenda kulala."

Droo hiyo ipo kweli. Kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand, iliyoanza mwaka 1934 kule Auckland, iliiingiza sokoni mwaka 1997. Kabla ya hapo mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa sanduku lenye mlango unaofunguka kwenda chini, na asili yake ni ya zamani zaidi: Josephine Cochrane, mama wa Kimarekani, alipata hataza ya mashine yake Desemba 1886 na akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Wapishi wa hoteli waliielewa haraka. Majumbani ilichukua miongo kadhaa.

Sasa swali la leo si kama mashine hii ni nzuri. Ni kama ingefanya kazi kwenye nyumba ya kawaida ya Ilemela, yenye maji ya Ilemela, umeme wa Ilemela na masufuria ya Ilemela. Nataka tulijibu kwa hesabu, maana majibu ya ushabiki tunayo ya kutosha.

Tuanze na jinsi chombo kinavyotakata. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, alieleza kuwa usafi wowote unategemea vitu vinne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mchoro wake hufundishwa mpaka leo kwa watu wa dobi na usafi wa mahoteli, lakini ukiuangalia vizuri unaeleza beseni la nyumbani kwenu pia. Kwenye beseni joto ni dogo, kwa sababu mkono wa binadamu hauvumilii maji yanayozidi nyuzi 45 hivi. Muda nao ni mfupi, kwa sababu una kipindi saa mbili. Kwa hiyo unalipa kwa nguvu: stiliwaya, kucha, na matusi ya chini chini.

Mashine inafanya kinyume. Haina stiliwaya. Inarusha maji kwa mikono inayozunguka, maji yale yale yanachujwa na kurushwa tena na tena. Inachofidia ni joto, kati ya nyuzi 50 na 65, pamoja na sabuni kali ambayo usingethubutu kuishika, na muda mrefu, mara nyingi saa moja na nusu hadi mbili na zaidi. Ndani ya sabuni hiyo kuna vimeng'enya viwili muhimu: kimoja kinavunja wanga, kingine protini. Ndiyo maana kwa nadharia ukoko wa ugali usingeishinda. Ugali wa udaga unaokauka kama simenti ni wanga tu, na wanga ukipewa maji moto, kimeng'enya na saa moja, unalegea wenyewe.

Hilo ni la mashine zote. Droo imeongeza nini? Imegawa sanduku moja kuwa mawili. Kila droo ina pampu yake, mikono yake ya kurusha maji na mfuniko unaoshuka na kuziba juu yake kazi inapoanza. Kila moja inabeba seti sita au saba za sahani, nusu ya mashine ya kawaida. Maana yake ni kwamba mnaweza kuosha vyombo vya chai asubuhi kwenye droo ya juu bila kusubiri vya mchana, huku ya chini ikipokea vichafu. Mashine kubwa inawaadhibu watu wachache: ama unaiwasha ikiwa nusu tupu, ama unasubiri siku mbili na nyumba nzima inanuka. Kwa nyumba ya watu wawili au wanne wanaokula kwa saa tofauti, kama sisi, wazo hili limekaa vizuri kabisa. Pia hauinami sana. Unapanga kutoka juu, kama unavyopanga nguo kwenye kabati la droo, jambo ambalo mtu mwenye mgongo mbovu atalishukuru.

Gharama yake inajificha pale pale penye faida. Vitu viwili maana yake pampu mbili, mifuniko miwili, raba mbili za kuzibia. Mpira wa maji na nyaya zinajikunja kila unapovuta droo, na kitu kinachojikunja kila siku kina mwisho wake. Ukiisukuma kwa kishindo, glasi zinagongana. Na ukizijaza zote mbili na kuziwasha pamoja, umerudi kwenye matumizi ya mashine moja kubwa, ila umenunua kwa bei ya juu zaidi. Kwa mtu wa Auckland fundi yupo na spea zipo. Mimi madukani Mwanza sijawahi kuiona droo hii ikiuzwa, kwa hiyo fikiria mwenyewe safari ya kutafuta raba ya mfuniko.

Sasa tuiingize jikoni kwetu.

Kizingiti cha kwanza ni sufuria. Droo moja ina kimo cha takribani sentimita 41 hadi 45 kwa nje, na ukitoa mota, pampu na mfuniko, nafasi ya ndani ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye picha. Imebuniwa kwa sahani bapa, bakuli, vikombe na glasi za mvinyo. Sisi chombo kikuu ni sufuria. Nyumba ya watu sita ina sufuria ya ugali, ya mboga, ya chai, na ile kubwa ya wali ambayo wageni wakija ndiyo inatoka. Ukiifunika hiyo kubwa ndani ya droo, umeijaza droo yote kwa chombo kimoja. Mwiko hauingii vizuri, na hata ukiingia, mti hunywa maji moto na kupasuka. Hotpoti haitakiwi kulowekwa namna hiyo. Chupa ya chai ndiyo kabisa.

Halafu kuna alumini. Hapa waliosoma kemia kidato cha tatu wanikumbuke. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kinachoilinda alumini ni utando mwembamba wa oksidi. Oksidi hiyo inayeyuka kwenye asidi na kwenye besi pia. Sabuni ya mashine ni besi kali. Mizunguko michache tu, sufuria iliyokuwa inang'aa inageuka ya kijivu, wakati mwingine nyeusi inayoacha alama kwenye vidole. Haijaharibika kwa kupikia, lakini jaribu kumweleza hivyo mama aliyezoea kuzipanga sufuria zake uani zikimeremeta kama vioo. Utaeleza peke yako.

Majivu ambayo bibi zetu wa Usukumani wametumia miaka yote nayo ni besi, tena kwa kemia ile ile: chumvi za potasiamu kwenye jivu zinageuza mafuta kuwa kitu kinachofanana na sabuni, huku chembe zake zikisugua. Tofauti ni kwamba jivu linakaa kwenye alumini dakika moja na linasugua utando mweusi likiondoka. Mashine inaiacha alumini ikiogelea saa nzima kwenye besi ya moto bila msuguo. Na masizi ya kuni mashine haiyawezi hata kidogo. Yale yanataka mkono.

Kizingiti cha pili nilikitegemea kiwe kibaya kuliko kilivyo: maji. Kwa upande mmoja tuna bahati. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, yana chokaa kidogo sana. Ulaya, penye maji magumu, watu wanaijaza mashine chumvi maalumu ya kulainisha maji, la sivyo glasi zinapata ukungu na kipasha joto kinajenga gamba. Mtu wa Pasiansi anayetumia maji ya bomba kutoka ziwani asingekuwa na shida hiyo. Angetakiwa kuwa mwangalifu kinyume chake, apunguze sabuni, maana kwenye maji laini sabuni ikizidi inakula glasi taratibu.

Shida ni presha na ratiba. Mashine nyingi zinataka maji yanayosukumwa angalau na kimo cha mita tatu hadi tano. Ilemela ni mji wa mawe na miinuko. Nyumba ya bondeni inaweza kupata presha ya kutosha na ya mlimani, mita mia mbili tu kutoka hapo, ikasubiri usiku wa manane ili bomba litoe kamba nyembamba. Chanzo cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku kimeongezwa kwenye kile cha zamani cha Capri Point, lakini maji kuwepo mjini na maji kupanda mlimani kwako ni mambo mawili. Mwenye tenki juu ya mnara wa mita nne anapona: presha ya tenki inatosha mashine nyingi. Mwenye madumu ya njano koridoni hana pa kuchomeka bomba. Wala pa kutolea maji machafu, kwa sababu vyumba vingi vya kupanga havina sinki. Tunaoshea uani, tunamwaga kwenye mtaro au kwenye migomba. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye bei, nusu ya wapangaji wenzangu wameshatoka kwenye mjadala.

Na usisahau samaki. Mwanza hatuli sahani safi. Tunakula sato mwenye magamba, sangara mwenye mafuta, dagaa wenye vichwa. Chujio la chini ya droo lingejaa miiba kila siku, na lisiposafishwa lingenuka kama Mwaloni saa saba mchana.

Tuje kwenye hoja ambayo mashabiki wa mashine huitoa wa kwanza: kwamba inaokoa maji. Ina ukweli, ila uliza inalinganishwa na nani. Utafiti unaotajwa sana ulifanywa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, na Profesa Rainer Stamminger na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliwapa watu 113 kutoka nchi saba za Ulaya vyombo vya seti 12, wakawaambia waoshe kama wanavyoosha nyumbani. Kwa wastani walitumia lita 103 za maji, yuniti 2.5 za umeme wa kupashia maji, na dakika 79. Mashine za wakati huo zilitumia kama lita 15 kwa kazi hiyo hiyo. Za siku hizi zinashuka hadi 10 au 12. Ukisoma hapo tu, mashine imeshinda kwa mbali.

Lakini lita 103 zinatoka kwa mtu anayeoshea chini ya bomba lililo wazi, la maji moto. Sisi tunaoshea kwenye mabeseni. Tupige hesabu ya kawaida: beseni la sabuni lita 8, beseni la kusuuza lita 10, na la kusuuza ubadilishe mara moja. Jumla lita 28, ndoo moja na kidogo. Binti aliyekua akibeba maji kichwani kutoka ziwani Kayenze au Igombe atakuosheeni vyombo hivyo kwa pungufu ya hapo. Kwa hiyo ushindi wa lita 90 unaotangazwa unakuwa, kwetu, ushindi wa lita 15 hivi. Na umeme wa kupashia maji tulikuwa hatuutumii kabisa, tunaoshea maji baridi. Hapo mashine haiokoi kitu. Inaongeza.

Inaongeza kiasi gani? Tuseme droo zote mbili zinakula yuniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO, wa kundi la D1, ana yuniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100, au takribani 122 ukiweka kodi na tozo. Kwake yuniti 30 ni shilingi 3,660. Nafuu. Ila zimekula asilimia 40 ya mgao wake, na nyumba yenye friji, feni na pasi haitabaki chini ya 75. Akihamia kundi la kawaida, yuniti ni shilingi 292, takribani 356 pamoja na kodi. Hapo vyombo peke yake vinakula karibu shilingi 10,700 kwa mwezi, na taa, friji na kila kitu kingine nyumbani vimepanda bei pamoja navyo.

Kilichobaki kwenye mizani ni zile dakika 79. Mashine, ikiwa ya droo au ya mlango, inauza muda. Maji ni nyongeza ya tangazo. Basi tuulize: kwenye nyumba za Ilemela muda huo ni wa nani?

Si wa baba. Mara chache ni wa mtoto wa kiume, tusidanganyane. Ni wa mama, wa binti wa darasa la sita, au wa dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini. Na bei ya muda wa dada inajulikana, imeandikwa serikalini. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, katika kaya za kawaida, shilingi 60,000 kwa mwezi. Gawanya kwa saa 195, ambazo ni saa 45 za kisheria kwa wiki zikihesabiwa kwa mwezi. Kwa kima hicho cha 2023 ulipata shilingi 308 kwa saa. Yuniti moja ya umeme ni 356.

Irudie hiyo hesabu taratibu. Kwa kima hicho cha 2023, umeme wa kuoshea vyombo vya siku moja, bila kununua mashine, bila sabuni maalumu, ulikuwa ghali kuliko saa nzima ya binadamu anayeviosha. Utasema anapewa chakula na pa kulala. Sawa, ongeza. Lakini pia ni nani kati yetu anamjua dada wa kazi anayefanya saa 45 kwa wiki? Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Ukigawa hiyo 60,000 ya 2023 kwa saa zake halisi, namba ilishuka, haikupanda. Kima hicho ni cha 2023; weka cha sasa kwenye hesabu uone kama picha inageuka.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mashine hizi hazijaenea kwetu kwa sababu Waswahili hatupendi teknolojia. Simu janja tumezipenda vizuri tu. Mashine ya kufulia inaanza kuonekana kwenye nyumba za Buswelu na Kiseke, tena kwa watu wa kipato cha kati. Ya vyombo imechelewa kwa sababu anayeamua kununua si anayeosha, na anayeosha, kwa kima cha 2023, bei yake ilikuwa chini ya bei ya umeme. Hakuna mhandisi wa New Zealand anayeweza kushindana na hilo.

Kwa nani ingefaa, basi? Naona nyumba ya aina moja: watu wawili au watatu wanaofanya kazi nje, hawana msaidizi, wana tenki la juu na sinki, wanapikia gesi kwa hiyo hakuna masizi, na wamehamia kwenye sufuria za stili. Zipo nyumba hizo, Capri Point upande wa Nyamagana na kwetu Ilemela pia. Kwao droo moja tu, si mbili, ingekuwa na akili kuliko sanduku kubwa.

Sisi wa chumba na koridoni tunaweza kuchukua akili ya droo bila droo. Osha kidogo kidogo, mlo kwa mlo, kabla wanga haujakauka, maana ukoko wa saa moja ni tofauti kabisa na wa siku mbili. Ukimaliza kusonga ugali, mimina maji kwenye sufuria ingali ya moto na uifunike: umepata joto na muda, vitu viwili kati ya vinne vya Sinner, bure. Vyombo vya samaki vioshwe mwisho, na suuza yake iwe na ndimu kidogo, kwani harufu ile ni ya kibesi na asidi huituliza. Sabuni isiwe nyingi, maji ya ziwa ni laini na povu linadanganya.

Kwenye kukausha tumewazidi. Droo inakausha kwa hewa, na vikombe vya plastiki vinatoka bado na matone. Kichanja cha miti uani, kile ambacho maafisa afya wakipita wanakiulizia pamoja na choo na kibuyu chirizi, kinakausha kwa jua la saa tano asubuhi kwa dakika chache. Kiwe juu tu, kuku wasifike.

Na ile ratiba ya ukutani: badala ya kugawa siku, gawaneni milo. Aliyekula saa mbili usiku asimwachie aliyekula saa nane mchana. Chetu tulikibadilisha hivyo muhula uliopita. Sufuria ya Ijumaa bado inatokea, ila sasa mwenyewe anajulikana.